Pazia Katikati ya Boti

Pazia lilining'inia mahali pasipoeleweka. Lingekuwa pembeni, Felisita angesema ni la kuzuia jua. Lakini hili lilikata boti katikati, ubavu hadi ubavu: usukani wa mumewe mbele, benchi la abiria nyuma. Tena kitambaa kizito cha maua, kimepelekwa kwa fundi kikashonwa.

Alifunua sanduku chini ya benchi. Mlikuwa na mto wa kukalia na khanga mpya, bado ina harufu ya dukani.

"Nani hukaa hapa?" alimuuliza Shija, mtu mzima aliyeajiriwa kulinda maboti matatu ya pale gatini.

Shija alikazia macho kamba aliyoishika. "Wageni wa bosi, mayu," alijibu kwa heshima.

"Wageni gani wa kuwekewa pazia?"

"Mimi nafunga kamba tu."

Boti hiyo ilikuwa na mkosi tangu mwanzo. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, Maganga, mume wa Felisita, alijitosa, akawa ananunua Dutwa, na msimu mmoja ulipomwendea vizuri akaleta boti ya starehe kutoka Mwanza. Nyashimo nzima ilicheka. Boti isiyovua samaki wala kubeba mizigo ni ya nini? Magugumaji ya ziwani yalijisokota kwenye mapanga ya injini kila wiki. Asubuhi Maganga aliwapita wavuvi kwa madaha, mchana wavuvi haohao wakamrudisha akiwa anavutwa kwa kamba.

Felisita aliyavumilia yote hayo. Sharti lake lilikuwa moja. Baba yake alikufa maji katika ziwa hilo, kwa hiyo yeye hapandi, na hakuna mtu wa kwao atakayepanda. Maganga alikubali bila ubishi. Sasa Felisita alidhani ameelewa kwa nini hakubisha.

Jumamosi alikwenda kwa mama yake, aliyeishi peke yake karibu na ziwa, akamweleza kila kitu. Mama alikuwa anapepeta karanga na hakuinua macho. Alisema mwanamume mwenye shughuli nyingi hutafuta pa kupumzikia, na huenda upepo wa ziwani una raha yake. Maneno hayo yalimuudhi Felisita. Mama wa kumzaa, halafu anamtetea mwanamume.

Alitamani mama amwite Maganga amkanye, lakini hilo halikuwezekana. Mkwe ni mkwe. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa ya Felisita, wawili hao hawakuwahi kutazamana usoni. Mama akitokea njiani, Maganga aliingia vichakani mpaka apite. Mama akija kuwatembelea, yeye alitokea mlango wa uani.

"Nikimkuta na mwanamke nyuma ya lile pazia, narudi hapa kwako," Felisita alisema. "Na ng'ombe wake wa mahari arudishiwe."

Ungo ulitulia. "Usiwe na haraka, ng'wanone. Muulize kwanza, mwanangu."

"Nimemuuliza. Anasema kila Jumapili anajaribu injini."

Mama aliendelea kupepeta, safari hii kwa kasi zaidi.

Kesho yake Felisita hakwenda kanisani. Alijibanza nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa ufukweni. Hakuwaza tena hasira. Aliwaza watoto wake, Josia na wadogo zake watatu, nani angewaamsha kwenda shule kama yeye angeondoka.

Muda si mrefu alitokea mwanamke. Alijifunika gubigubi khanga mpya, pacha wa ile ya sandukuni, uso wote ndani, akitazama ardhi tu. Shija alimshika mkono, akampandisha, akamketisha kwenye mto na kuvuta pazia. Kisha akapiga mluzi.

Hapo ndipo Maganga akatoka nyuma ya kibanda. Alitembea akiwa amegeuzia uso upande wa mashamba kama mtu aliyepita hapo kwa bahati tu. Alipanda kwa mbele, akaketi, akashika usukani. Hakumsalimu abiria wake, wala abiria hakumsalimu. Felisita aliuma midomo. Kumbe wamezoeana kiasi cha kutohitaji hata salamu.

Injini ilinguruma, ikakohoa, ikazima. Magugumaji tena. Shija aliingia majini kwenda nyuma kuyang'oa, huku Maganga akibaki palepale, shingo imekakamaa, hageuki hata kutazama chombo chake. Nyuma ya pazia mwanamke alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye furaha kamili.

Kicheko hicho ndicho kilichomwinua Felisita. Alikimbia moja kwa moja majini, yeye ambaye kwa miaka ishirini hakuthubutu kulowesha hata kidole katika ziwa hilo. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni. Shija alisema, "Mayu, tafadhali," akanyoosha mikono kumzuia, naye akampita.

"Maganga," aliita. "Mwambie huyo ajifunue."

Maganga hakugeuka. Alivua kofia, akajifunika nayo uso. "Siwezi kumwambia chochote, mama Josia," alisema kwa sauti ndogo. "Unajua siwezi."

Felisita alishika ukingo wa boti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akalifungua pazia mpaka mwisho.

Mwanamke alijikunyata, akaikaza khanga usoni kwa mikono miwili. Vidole vyake bado vilikuwa na maganda mekundu ya karanga.

"Rudisha pazia, ng'wanone," alisema mama yake. "Mkwe wangu yuko hapo."