Maji ya Kwikwi

Kikao cha ulinzi wa mtaa kilikuwa sebuleni kwangu, na mimi ndiye niliyetangulia kusema: "Mzazi anayemficha mwanawe ni jambazi mwenzake!"

Muuza duka, kichwa kimefungwa bendeji, akaeleza alivyovamiwa. "Jambazi aliufunika uso. Ila alinipiga nondo huku kwikwi imemshika."

Watu wakacheka. Nikacheka nami, sijui kwa nini, huku nikimmiminia glasi ya maji.

Kwikwi ikasikika chumbani kwa mwanangu. Tangu utotoni, humshika akiogopa.

Kicheko kikakatika. Ikaja kwikwi ya pili. Nilisimama katikati, maji yakimwagikia vidole vyangu, nisijue miguu inanipeleka wapi.

Muuza duka aliitazama glasi, kisha pazia la chumba.

"Mpelekee yeye kwanza, dada. Mimi nitasubiri."