Ruhusa ya Kufuta

Salome hakuwahi hata kumaliza shikamoo yake.

“Mwanangu, nimefuta vipimo vyote vya mto,” alisema kwenye simu mzee kutoka kijiji cha Mabwerebwere, yule anayepima kina cha maji kila asubuhi. “Miaka kumi na miwili. Nimebonyeza vibaya, orodha yote ikatoweka.”

Bila namba zile, Kilosa ingejuaje kwamba mafuriko yanakuja? Salome, msimamizi wa mfumo wa vipimo, alifungua faili la msimbo, yale maagizo ya kompyuta alimogawia watu ruhusa za hifadhi ya pamoja ya mtandaoni, akashuka na kidole kwenye kioo hadi jina la mzee.

Mbele ya jina hilo palikuwa na maneno mawili tu: kusoma, kuandika. Kufuta hakumpa. Siku alipoandika mstari ule aliona aibu kumnyima mtu mzima.

Akafungua hifadhi. Vipimo vyote vilikuwepo, hadi cha asubuhi ile.

“Baba, hakuna kilichofutika. Orodha imetoka kwenye simu yako tu. Mfumo ulikukatalia.”

Kiti kililia upande wa pili. Mzee alikuwa amekaa.

“Nani alininyima ruhusa hiyo?”

“Ni mimi, baba. Unisamehe.”

“Ahsante, mwanangu. Hata nikija kukuomba, usinipe.”