Jina la Chini Kabisa

Ukumbi ulipompigia Kombo makofi kwa programu yake mpya ya simu, Tunu aliinamia simu yake akafungua ukurasa wa shukrani wa programu hiyo. Programu ilibeba kazi za watu, na kazi hizo zilibeba za wengine, na kila mwenye kazi sharti atajwe. Msimbo wa Tunu, maagizo aliyowahi kuiandikia kompyuta, ulikuwemo, aliutambua. Aliomba moyoni jina lake lisiwemo, apate kumuumbua Kombo hadharani. Akafungua jina ndani ya jina, roho ikimuuma, hadi chini kabisa: Tunu binti Faki. Halikukosewa hata herufi.

Loo, hata sababu ya kumchukia amemnyima!

“Dada Tunu, bila wewe nisingefika,” Kombo alisema, amemfikia na kipande cha keki amlishe.

Keki ikamgusa midomo. Watu wakangoja. Meno ya Tunu yalikuwa bado yameumana.