Mjane wa Zénon

Komanda alimwamuru aimbe.

Zénon alifungua kinywa, koo likatoa mkwaruzo tu. Wiki tano za kubeba masanduku ya risasi milimani, kunywa maji ya matope na kulala mvuani zilikuwa zimemaliza sauti yake. Wanajeshi waliomkamata asubuhi ile juu ya Ruziba, pembezoni mwa Bujumbura, akiteremka kutoka porini bila viatu wala kitambulisho, wakacheka.

"Zénon alikufa mu ndege," komanda alisema. "Mi mwenyewe nilikuwa ku maziko."

Komanda huyo aliitwa Télesphore. Siku hizo za vita, mtu aliyeteremka milimani bila karatasi alihesabiwa kuwa mwasi, na mwasi hakufikishwa mjini akiwa hai. Lakini Télesphore alipenda muziki. Aliketi juu ya dumu la maji akamsikiliza.

Zénon akaeleza. Asubuhi ya safari alikuwa kwenye teksi, anawahi uwanja wa ndege ili aende kuimba Bukavu. Alikuwa anatoka kwa mwanamke mmoja wa Ruziba, ila hilo hakumwambia komanda. Waasi waliisimamisha teksi, wakamuua dereva, yeye wakamchukua awe mpagazi wao. Ndege iliondoka bila yeye, lakini jina lake likabaki kwenye orodha ya abiria. Ikaanguka kwenye milima ya ng'ambo ya ziwa, ikaungua na watu wote, bendi yake nzima ikiwemo. Mabaki hayakuweza kuhesabika. Habari za kifo chake alizisikia kwenye redio ya waasi, sanduku likiwa kichwani. Alipowaambia kwamba Zénon ndiye yeye, walimwongezea mzigo.

Télesphore alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa mifupa na ndevu, na meno ya mbele hayakuwepo. Akamuuliza kama kuna mtu anayeweza kumtambua.

"Bibi yangu," Zénon alisema. "Mumuite Caritas."

Mji mzima ulikuwa ukimjua Caritas kwa jina kabla ya kumjua kwa sura. Wimbo uliompa Zénon umaarufu ulikuwa wa kumwomba Caritas msamaha, na hapakuwa na harusi Bujumbura iliyomalizika bila kupigwa wimbo huo. Aliutunga asubuhi moja, baada ya kumpiga mkewe mpaka majirani wakavunja mlango. Nyimbo zake nyingine tatu zilizopendwa zilizaliwa vivyo hivyo. Walipooana, Caritas alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti iliyowafanya watu wageuke kanisani. Zénon alimwambia kwamba katika nyumba moja hawawezi kukaa waimbaji wawili. Naye akanyamaza, miaka kumi na moja.

Mke mwema, Zénon aliwaza, mikono yake ikiwa imefungwa kwenye nguzo. Hajawahi kunikatalia neno.

Komanda akatuma gari mjini, kisha akaagiza mfungwa apewe maji na ndizi za kuchemsha. Mwanajeshi aliyemlisha alimsimulia habari za maziko. Mjane aliimba mwenyewe mbele ya jeneza, alisema, na tangu siku hiyo redio inarusha sauti yake kila asubuhi.

"Anaimba kumupita bwana yake," alisema, akimtilia ndizi mdomoni.

Gari lilirudi saa tano. Caritas aliteremka akiwa katika nguo zake za matanga. Alikuwa amenenepa kidogo, na ngozi yake ilikuwa inang'aa. Wanajeshi walisimama wima kwa heshima. Télesphore alivua kofia.

"Mama, utusamehe kukusumbua. Huyu mutu anasema yeye ni bwana yako. Umuangalie muzuri. Ukisema ni yeye, mi mwenyewe ninamurudisha ku nyumba. Ukisema apana..."

Caritas aliomba aachwe naye peke yake. Komanda akawarudisha watu wake nyuma hatua ishirini.

Caritas alipiga magoti mbele ya ile nguzo, akaushika uso wa mfungwa kwa mikono miwili, akaugeuza kuelekea mwangani. Machozi yakaanza kumtiririka.

"Ni we," alinong'ona. "Mungu wangu, Zénon, ni we."

"Ni mi. Uwaambie."

"Walikupiga?"

"Sana."

Akamuuliza walimpiga kwa nini, na wapi, na kama alikuwa akilia. Zénon alijibu yote kwa kwikwi, kama mtoto. Akageuza mgongo kadiri kamba ilivyomruhusu. Caritas alilifunua shati lililochakaa, akayatazama makovu moja baada ya jingine, bila haraka, akiyagusa kwa ncha ya kidole. Kisha akamfuta machozi kwa pindo la kitenge chake, akamnyooshea ndevu, akamwambia atulie, sasa anakwenda kuzungumza na komanda.

Zénon aliegemeza kichwa kwenye nguzo, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, alitabasamu.

Caritas alivuka uwanja, uso ungali umelowa. Wanajeshi nao walikuwa wakitabasamu, na mmoja alikuwa amekwisha kuchomoa kisu cha kukatia kamba.

"Apana," Caritas alimwambia komanda. "Bwana yangu nilimuzika. Huyu anamuiga tu."

Kisha akaomba ruhusa ya kungoja palepale mpaka wamalize.