Kijani cha Birika

Bibi alikuwa juu ya kigoda, shuka jeupe mdomoni, vibanio vya nguo mkononi, akiliziba dirisha la sebuleni mchana kweupe. Mpita njia angedhani humo ndani kuna fumanizi. Hakukuwa na lolote. Kulikuwa na birika moja la udongo juu ya meza ya kupigia pasi, limekaa linasubiri kupigwa picha kama bi harusi.

Goti lilipomkatalia kwenda sokoni na vyombo vyake vya mitumba, binti yake wa mwisho alimfungulia ukurasa kwenye mnada wa mtandaoni. Unapiga picha, unaweka, watu wanapandishiana bei, na wewe umekaa zako. Akaona kumbe biashara ni mchezo wa watoto. Sasa mtoto mwenyewe, yaani yeye Bibi, alikuwa ameshalalamikiwa na wanunuzi mara mbili. Mmoja alilipia jagi la kahawia, akafungua boksi akakuta la kijani. Mwingine aliiona sahani nyekundu kama pilipili, ikamfikia ya rangi ya tope. Wenye mnada wakamwandikia kwa adabu ya kutisha kwamba lalamiko la tatu litafunga ukurasa. Ukifungwa angebaki na nini? Goti na redio.

Basi akajifunza. Balbu inapaka kila kitu umanjano. Taa ya simu inachoma. Jua kali nalo linaifukuza rangi. Dawa ni mwanga wa dirishani uliochujwa kwa kitambaa cheupe, na karatasi nyeupe kando ya chombo. Ukishapiga, unarekebisha picha kwenye simu mpaka karatasi iwe nyeupe kama ilivyo. Karatasi ikisema kweli, chombo nacho kitasema kweli. Alikuwa amelikariri somo hilo hata akamhubiria muuza maziwa, ambaye maskini alikuwa ameomba chombo tu amimine aende zake.

Alipiga. Akaongeza mwanga kidogo, akapunguza umanjano. Karatasi ikawa nyeupe, birika likawa na kijani kile kile kizito cha chupa. Kwa macho yake, lilikuwa ni lenyewe.

Lakini macho yake hakuyaamini. Haya si ndiyo yaliyotia chumvi kwenye chai ya wageni? Si ndiyo yaliyomfanya aliamkie kwa unyenyekevu koti lililotundikwa nyuma ya mlango, tena akakasirika lilipokosa kuitikia? Ndiyo maana kila picha ilipita kwanza kwa mumewe.

Mumewe alikuwa fundi rangi mstaafu. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilipitia mkononi mwake. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza habari ya rangi alikutajia namba ya mkebe, basi. Enzi zile, kabla mwenye nyumba hajaja kukagua, alikuwa akituma mtu amwite mkewe, anamsimamisha mbele ya ukuta na kumuuliza anauonaje, huku amemkazia macho. Mafundi wenzake walimtania kwamba kaoa msimamizi. Bibi alirudi nyumbani anaelea. Mwanamume gani mwingine humtazama mkewe namna ile mbele ya watu, na ukuta haujakauka?

"Mzee wangu, hebu nikagulie," alisema, akimpa simu. Goti likamchoma, akakunja uso.

Mzee alimtazama yeye, akaitazama simu, akamtazama tena. "Bado," alisema.

Bibi hakubishana, nani abishane na fundi? Akavuta rangi huku, akavuta kule. Bado. Akaongeza wekundu mpaka birika likawa la kahawia kama kiatu cha mgambo. Yeye angeapa kwamba limeharibika kabisa, lakini alijicheka kimoyomoyo: hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mbumbumbu. Mwishowe akajitupa kwenye kiti, goti likatulia, na uso ukamkunjuka kwa raha.

"Hapo," mzee alisema. "Hapo sasa rangi imekaa."

Picha ikaenda mnadani. Kabla ya jioni mama mmoja alikuwa amewapita wote kwa bei. Akaandika kwamba birika la kahawia kama lile ndilo analolitafuta likamilishe seti ya marehemu mama yake, ila amesoma malalamiko ya wenzake, kwa hiyo anaomba apige simu ya video alione kwanza.

Bibi akampa mumewe simu. Mambo ya rangi yajibiwe na mwenye fani. Vibanio vilikuwa vimeshaanguka, kwa hiyo yeye alisimama dirishani akalishika shuka kwa mikono miwili juu ya kichwa, limemfunika gubigubi kama zimwi la kutishia watoto, ili mwanga uingie kwa adabu.

"Mwambie ukweli tu," alisema kutoka ndani ya shuka. "Fundi ni wewe."

Sauti ya yule mama ikasikika kwenye simu. "Baba yangu, kioo cha simu yangu sikiamini. Niambie kwa kinywa chako. Hilo birika ni la kahawia au la kijani? Likija tofauti, nitalalamika."

Bibi alisubiri, kifua kimemjaa fahari. Yule mama akauliza tena. Kisha zikasikika ndala zikiburuta kuja dirishani, na pindo la shuka likainuliwa.

Mzee alikuwa ameiziba simu kwa kiganja, jasho linamtoka.

"Mama watoto, nitolee uso wako nje," alinong'ona. "Mimi tangu nizaliwe kijani na kahawia naviona kitu kimoja. Rangi zote huwa nazisoma usoni mwako."