Yowe la Mtoni

Jiwe la tatu lilipotua juu ya bati, konstebo Pazi aliacha kujidanganya kwamba watu wangechoka.

Alikuwa peke yake. Kituo cha polisi cha Nyasura kilikuwa chumba kimoja cha tofali, na nusu yake ilikuwa mahabusu. Humo alifungiwa Kija, kijana wa kundi lililojiita Kiberiti. Nje, kijiji kilisimama juani na fimbo na marungu, kikimtaka.

Kundi hilo lilikuwa limewanyima watu raha tangu mavuno. Vijana hao walilikataa jembe la ujamaa, wakajichukulia baiskeli, wakajichukulia ng'ombe, na mwisho wakavunja ghala la pamba ya kijiji. Siku ile ya ghala ndipo Masatu, mgambo aliyekuwa zamu, alipotoweka. Wengine walisema ameuawa. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema amekwenda nao kula magendo. Kija pekee ndiye aliyekamatwa, na tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo.

Land Rover ya polisi ya kumpeleka Kija Musoma iliahidiwa mapema. Sasa jua lilikuwa utosini, na barabara ilikuwa tupu.

Magige, kamanda wa mgambo, alikuja mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza aliomba. Mara ya pili alikumbusha kwamba yeye na afande wote ni watumishi wa wananchi, na wananchi ndio hao waliosimama pale.

"Utatupiga risasi wote kwa ajili ya huyo?" aliuliza.

Pazi hakuwa na risasi za kutosha hata kuwatisha. Alikuwa mgeni, mtu wa Pangani, hajamaliza hata kufungua sanduku lake. Aliwajua kwa sura wachache tu, na lugha wanayosemezana hakuijua kabisa.

Ndipo umati ulipopasuka katikati. Mwanamke alipita, kitenge kimekazwa kifuani, sahani iliyofunikwa iko kichwani. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyemtukana. Hata Magige alirudi nyuma akatazama chini. Pazi alishangaa, kisha akawaheshimu kidogo watu hawa. Hasira zote hizo, na bado wanampisha.

Aliitwa Wankyo. Alipiga magoti mbele ya nondo, akapitisha ugali wa mtama na kipande cha sato. Kija alipomwona aliruka hadi ukutani, akajikunja. Wankyo alimega tonge, akala mwenyewe, akaisukuma tena sahani.

"Kula. Una safari."

Kija alikula, machozi yakidondokea kwenye ugali. Pazi aligeuka asione. Aibu ya namna hiyo, aliwaza, kijana aachwe ailie mwenyewe.

"Tangu mdogo anakulaga kwangu," Wankyo alisema, bila kumtazama mtu. "Afande, wakimpata?"

"Unajua mwenyewe, mama."

"Sitaki afe."

"Hata mimi sitaki. Lakini gari haliji."

Jiwe jingine lilibingirika juu ya bati. Nje mtu alianza kusema habari ya mafuta ya taa, na wengine wakaitikia.

Wankyo alisimama. Alimweleza Pazi haraka, karibu na sikio. Angetoka kwa nyuma hadi mtoni, apige yowe la wizi wa ng'ombe. Yowe likilia, kila mwenye miguu hulikimbilia. Anayebaki huhesabiwa mwizi. Uwanja ukiwa mtupu, Pazi amtoe Kija, wakate shamba la pamba hadi kwenye daraja dogo la barabara ya Musoma. Yeye angezunguka awakute hapo. Lori lolote likipita, wapande.

Pamoja na ugeni wake wote, hilo moja Pazi alikwisha kulisikia: apigaye yowe la uongo hapewi moto, hasalimiwi, na akifiwa hakuna anayekanyaga kwake.

"Watakutenga, mama."

"Wanitenge."

Yowe lilikuja kali na refu. Umati uligeukia mtoni. Kisha Magige akapaza sauti na wote wakatimka, wazee kwa vijana, vumbi likabaki uwanjani peke yake.

Pazi alijifunga pingu moja mkononi, ya pili akamfunga Kija. Walikimbia wameinama, pamba ikiwakwaruza mapajani. Yowe lilikuwa limekoma. Nyuma yao sauti zilitawanyika mtoni, zikiulizana. Muda si mrefu wangejua.

Katikati ya shamba Kija aligoma.

"Afande, tusipite darajani."

"Kwa nini?"

Kija alikita visigino ardhini. Pazi alimvuta kwa pingu kama mbuzi wa mnada, akimlaani kwa kupoteza muda ambao mtu mwingine alikuwa ameulipia.

Wankyo alikuwa amewatangulia. Alisimama kando ya daraja, anahema, miguu yake tope tupu, jembe begani. Pazi alimwona mjanja: mwanamke mwenye jembe, nani angemuuliza anakokwenda? Kutoka upande wa Bunda mngurumo wa lori ulianza kusikika.

"Mshukuru mama yako," Pazi alimwambia Kija. "Amekipoteza kijiji kizima kwa ajili yako."

Kija alianguka magotini, pingu ikamvuta Pazi naye akainama.

"Mama yangu amekimbilia Kiabakari tangu jana," alisema.

Lori lilitokea kwenye kona. Wankyo hakulipungia mkono. Alingoja lipite na vumbi lake, kisha akaliteremsha jembe begani na kulilaza kwenye kiganja cha Kija.

"Twende," alisema. "Nionyeshe mlikomfukia mwanangu Masatu."