Bawa la Kulia

"Haya mawili mbona hayaendani, Baba?"

Binti aliyashika mabawa ya mbao za balsa, mepesi kama maganda ya vitunguu, akayalinganisha tena. Ndege hii ya rimoti ilikuja vipande vipande ndani ya boksi, na baba yake alikuwa akiiunga kila jioni mezani pa kulia chakula. Gundi ilikauka vizuri, msasa ulipita mpaka mbao zikateleza. Kazi safi ya fundi wa ndege za kweli.

Ila mabawa yote mawili yalikuwa ya kushoto.

Akacheka. "Umepitiwa, mzee wangu!" Akangoja baba naye acheke, ajipige kofi la paji la uso.

Baba hakucheka. Alichukua bawa moja akaliweka upande wa kulia. Ukingo wa mbele ukatazama mkiani. Akaligeuza, tumbo la bawa likawa juu. Akaligeuza tena, na tena.

"Liko sawa," alisema.

"Baba, tumbo liko juu."

"Liko sawa! Usinifundishe kazi, mwanangu. Mabawa nimeanza kuyashika hujazaliwa."

Nje honi ikalia: gari la wafanyakazi wa uwanja wa ndege. Baba akanyanyua sanduku lake la vifaa, uso ukamkunjuka.

"Wacha nikimbie. Kuna ndege ya abiria inaningoja niikague. Haipai mpaka mimi niseme ipae."

Honi ikalia tena.

Binti akamtangulia mlangoni, akaufunga, ufunguo akautia kifuani.